Tutengeneze Nini? Maneno kwa Vijana wa Klabu ya Sayansi

(Hotuba iliyotolewa Kashai siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanafunzi na walimu. Imechapwa hapa kama ilivyosemwa, isipokuwa maamkizi yamepunguzwa.)



Nimepewa dakika ishirini, na mambo niliyo nayo ni ya saa mbili, kwa hiyo salamu zangu zimekwisha. Sanduku la vifaa tulilochangia limefika salama. Ndani yake mna chuma cha kulehemu kimoja, risasi ya kulehemia, mita mbili, koleo, nyaya, na bahasha yenye fedha kidogo iliyobaki. Mwalimu wenu wa Fizikia amenieleza kwamba klabu inataka kubuni na kuunda chombo kimoja cha elektroniki mwaka huu, na kwamba fedha hiyo haitoshi vyombo viwili. Kisha akanikabidhi orodha ya mapendekezo yenu, akaniomba niwasaidie kuchagua. Nimeisoma mara mbili, na nitasema kweli, hata kama ukweli huo utawaudhi wachache.

Mapendekezo ni kumi na moja. Yaliyopata kura nyingi ni matatu: kituo cha redio ya FM cha shule, inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa volti 230, na mtambo wa kumwagilia migomba wenyewe bila mtu. Hilo la tatu nitalimaliza upesi. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya inayonyesha Dar es Salaam. Mgomba wa Kashai, kwa miezi mingi ya mwaka, ungeshukuru zaidi kupewa mwavuli. (Kicheko.) Aliyependekeza asinune. Wazo lake ni zuri mahali pengine, na hapo ndipo penye jambo lenyewe: alilitoa mahali pengine, hakulitoa hapa.

Redio ni jambo la kupendeza, nami nalielewa. Kusikia sauti ya mwenzako ikitoka katika redio ya jirani ni furaha isiyo na mfano. Tena mkoa wetu una ushahidi kwamba redio ndogo yaweza kufanya kazi kubwa: wenzetu wa Karagwe wana Radio FADECO, redio ya jamii inayozungumza na wakulima. Lakini kurusha matangazo hewani hapa Tanzania kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na sheria haiulizi kama mrushaji ni mwanafunzi. Sababu si urasimu mtupu. Masafa ya FM yanaishia megahezi 108, na hapo hapo yanaanzia masafa yanayotumiwa na ndege. Chombo cha kurushia kilichoundwa na mtu anayejifunza hakitulii mahali pake. Humwaga mawimbi huku na huku. Kiwanja chetu cha ndege kiko hapa mjini kando ya ziwa. Sitaki rubani anayeshuka katika ukungu wa asubuhi asikie taarabu ya kidato cha tatu.

Inveta nayo ina mambo mawili. La kwanza, volti 230 huua, na chombo kinachoharibika mara kumi kabla ya kukubali ni chombo kitakachoguswa mara kumi. La pili, inveta zimejaa madukani, na bei ya moja iliyokwisha tengenezwa ni ndogo kuliko bei ya transista mtakazounguza mkijifunza. Mkiimaliza mtakuwa na kitu kibaya kuliko cha dukani, kwa gharama kubwa kuliko ya dukani. Mtu huweza kuvumilia hilo mara moja kwa kujifunza, lakini bahasha yetu haiwezi.

Sasa nawaombeni tuvuke mpaka kidogo tuone mwenzenu alivyochagua. Nchini Kenya, upande wa Kitengela unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kulikuwa na kijana wa Kimaasai aitwaye Richard Turere. Tangu akiwa na miaka tisa alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake. Simba walikuwa wakitoka hifadhini usiku na kuwaua. Alijaribu moto kwanza, akaona kwamba moto unawasaidia simba kuona zizi. Akajaribu sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliogopa. Usiku wa pili wakatambua kwamba yule mtu hasogei. Halafu usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi mkononi, simba hawakuja. Akafahamu kwamba wanachokiogopa ni mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kisanduku cha indiketa cha pikipiki kile kinachofanya taa ziwake na kuzimika, na balbu za tochi zilizovunjika, akazipanga kuzunguka zizi. Taa zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba kuna mtu anatembea. Mwaka 2013 aliyasimulia hayo mwenyewe katika mkutano wa TED huko California, akiwa na miaka kumi na mitatu, na majirani saba walikuwa wamemwomba awawekee taa kama hizo.

Watu hupenda kusimulia habari hiyo kama habari ya kipaji. Alikuwa nacho, alikwisha kuwahi kuifumua redio mpya ya mama yake, na mama hakufurahi. Lakini mimi naiangalia kwa jicho la fundi, naona mambo mengine. Indiketa ya pikipiki si uvumbuzi wake, alikuta imetengenezwa. Alichokifanya yeye ni kujua kwa usahihi kabisa kazi inayotakiwa, kwa sababu alikuwa amelala karibu na zizi lenyewe. Tena alikuwa na mkaguzi asiyedanganyika: simba ama anakuja ama haji. Na kila kipande alichotumia kilikuwa tayari kijijini kwao. Hayo ndiyo nimeyatumia kuipima orodha yenu.

Sasa nalitoa pendekezo la nne. Limeandikwa chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, na mwanafunzi wa kidato cha pili, nalo lilipata kura mbili. Linasema: "Kifaa cha kuzuia betri ya mlinzi isife."

Jana jioni nilikwenda langoni kumwona mzee wetu mlinzi. Tuliamkiana, akanipa kigoda, akanionyesha mali yake. Ana betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7, ya ukubwa wa tofali dogo. Ana paneli ya wati 10 juu ya bati. Na taa ya LED ya wati 5. Betri hiyo ni ya tatu tangu aanze kazi hapa. Asubuhi ya leo nilirudi na mita kabla ya jua kupanda. Nilikuta volti 11.2. Betri ya namna hiyo ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu 12.7, ikiwa nusu, karibu 12.2, ikifika 11.8 haina kitu cha maana ndani yake. Kuiacha chini ya hapo siku baada ya siku ni kuiua, kwa maana salfati ya risasi huganda katika mabamba yake ikawa ngumu, isikubali tena kurudi inapochajiwa.

Mtasema basi, Mzee, tengeneza kitu kinachokata umeme ukifika 11.8, kazi imekwisha. Hebu tufanye hesabu kwanza, kwa kuwa karatasi ni rahisi kuliko risasi. Taa ya wati 5 kwa volti 12 inakula ampia 0.42. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi ni saa kumi na moja, yaani ampia-saa 4.6. Paneli ya wati 10 hutoa kiasi cha ampia 0.55 jua likiwa kali, na kwa mawingu yetu nakadiria tunapata sawa na saa nne za jua kali kwa siku. Hiyo ni ampia-saa 2.2. Mzee anatumia 4.6, analetewa 2.2. Hakuna saketi duniani inayoweza kuziba pengo hilo. Mkimpa kikata-umeme, betri itapona, naye atakaa gizani kuanzia usiku wa manane. Mtakuwa mmeponya betri mkamwacha mlinzi bila taa.

Nilimweleza hivyo. Akacheka, akasema neno ambalo naliona ndilo la thamani kuliko yote niliyoyasikia safari hii: "Ndugu yangu, saa mbili usiku taa si kitu. Watu bado wanapita, na nyumba za jirani zinawaka. Taa naihitaji saa tisa, mbwa anapobweka nami sioni anambwekea nani. Hata ikiwa ndogo."

Hata ikiwa ndogo! Vijana, hapo ndipo chombo kilipobuniwa, na aliyekibuni hajui transista ni nini. Kazi inayotakiwa sasa ni hii: taa kubwa iwake jioni, betri ikishuka kufikia volti 12.2, taa kubwa izimike na taa ndogo ya wati 1 ichukue zamu, ikifika 11.8, vyote vizimike ili betri isife. Pigeni hesabu tena. Taa kubwa saa nne, ampia-saa 1.7. Taa ndogo saa saba zilizobaki, kwa ampia 0.083, ni 0.6. Jumla 2.3. Paneli inaleta 2.2. Betri nayo hurudisha kidogo kuliko inavyopewa, kwa hiyo siku ya mawingu mazito taa kubwa itazimika mapema, nayo ndogo itaendelea. Zimekaribiana mno hata niliirudia hesabu kwa shaka.

Mtaniambia madukani kuna vidhibiti vya sola vinavyokata umeme betri ikichoka. Vipo. Navijua. Vinakata yote kwa pamoja. Havijazungumza na mzee wetu.

Sasa saketi yenyewe, kwa ufupi, maana michoro itabandikwa maabara. Moyo wake ni chipu iitwayo LM393 yenye miguu minane. Ndani yake mna vilinganishi viwili. Kilinganishi hutazama volti mbili na kusema ipi ni kubwa, basi. Hakina maneno mengine. Sisi tunahitaji maamuzi mawili, 12.2 na 11.8, na chipu moja ina vilinganishi viwili, kana kwamba ilitungojea. Cha kulinganishia ni kipande cha miguu mitatu kiitwacho TL431, kinachoshikilia volti 2.5 bila kuyumba, hata betri ipande au ishuke. Volti ya betri tunaigawa kwa rezista: chini kilo-omu 10, juu kilo-omu 33 ikifuatana na rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 10. Hapo mtaweza kuchagua kiwango chochote kati ya volti 10.75 na 13.25. Kwa 12.2 jumla ya juu yatakiwa kuwa kilo-omu 38.8, na kwa 11.8 iwe 37.2. Msiniamini, kokotoeni wenyewe usiku wa leo.

Vipande hivyo vitatoka wapi? Si Dar es Salaam. Fungueni mfuko wa umeme wa kompyuta iliyokufa, ule wa bati wenye feni. Mara nyingi TL431 imo, na LM393 au nduguye LM339 mwenye vilinganishi vinne yumo. Transista za MOSFET za kuwasha taa zimo katika bodi za UPS mbovu. Kila ofisi ya mjini ina vyombo hivyo vimerundikwa chini ya ngazi. Lakini hapa nasema kwa ukali: mfuko wa umeme una kapasita kubwa mbili ambazo huweza kubaki na chaji baada ya kuchomolewa, nazo kwa pamoja huweza kubeba zaidi ya volti 300. Hakuna atakayeufungua kabla mwalimu hajazitoa chaji kwa rezista na kuzipima kwa mita mbele ya macho yenu. Na kwenye betri ya mzee, kitu cha kwanza kufungwa ni fyuzi ya ampia 2 kwenye waya wa chanya. Betri ndogo kama hiyo, nyaya zikigusana, hutoa umeme wa kutosha kuwasha moto.

Wengine wenu mmenong'ona kwamba relei ingekuwa rahisi, na kweli ina mlio mzuri. Relei ya volti 12 hula kama miliampia 30 muda wote inaposhika. Taa yetu ndogo inakula 83. Mnataka kumwajiri askari anayekula zaidi ya theluthi ya chakula cha anayemlinda? Vivyo hivyo na kibodi cha Arduino. Ni chombo kizuri, na mwakani nitafurahi mkijifunza kukiandikia programu, lakini kibodi cha kawaida cha Uno kinakula miliampia 45 au zaidi kabla hakijafanya lolote. Kukitumia kulinganisha volti mbili ni kukodi lori kupeleka mkungu mmoja sokoni. Saketi yetu ikipangwa vizuri itakula miliampia mbili au tatu.

Kuna mtego mmoja ambao nawaachia muukute wenyewe, ila nitawaonyesha ulipo. Taa kubwa ikizimika, betri hupumua. Volti hupanda kutoka 12.2 ikawa labda 12.4. Kilinganishi kikiona 12.4 kitaiwasha taa tena, volti itashuka, kitaizima, na langoni kwetu kutakuwa na taa inayopepesa usiku kucha kama ya disko. Dawa yake ni rezista moja inayorudisha habari kutoka mlango wa kutokea wa kilinganishi hadi ule wa kuingilia, ili kikishazima kisikubali kuwasha mpaka volti ifike 13 hivi, yaani mpaka kesho yake jua litakapokuwa linachaji. Ukubwa wa rezista hiyo sitawaambia. Nataka kundi moja lishughulike nayo tu. Kwa maoni yangu, atakayeielewa rezista hiyo moja ameielewa elektroniki kuliko aliyenakili redio nzima kutoka kitabuni.

Kujaribu kusingoje usiku wala mawingu. Pangeni betri kavu nane za volti 1.5 mfululizo, zikiwa mpya mtapata zaidi kidogo ya 12.2. Wekeni rezista ya kuzungusha katikati, mzungushe polepole, mwone kilinganishi kinageuka kwenye namba ipi. Mkikuta kinageuka kwenye 12.6, jueni ni rezista, si uchawi. Andikeni kila kipimo kwa tarehe.

Jambo la kujaza betri kupita kiasi tuliache mwaka huu. Kwa hesabu tulizofanya, betri ya mzee haina hatari ya kuvimbiwa.

Ndugu zangu wa zamani mliotoka Muleba mmekwisha ona ninakokwenda. Wavuvi wa dagaa, tangu walipoanza kuziacha karabai na kushika taa za LED, wanabeba betri ndani ya mitumbwi, na betri hizo hufa kwa ugonjwa huu huu. Saketi ni ile ile. Transista iwe kubwa zaidi, fyuzi iwe kubwa zaidi, na kisanduku kisichoingiza maji. Hilo la kisanduku ni gumu kuliko saketi, nawaonya mapema. Lakini mvuvi wa Goziba hatatukopesha betri yake kwa sababu ya hotuba. Atataka kuona lango la shule linawaka saa tisa usiku, miezi sita mfululizo. Aidha wapo Young Scientists Tanzania, maonyesho ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanzishwa mwaka 2011 na Dakta Gozibert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry. Nako mwaweza kupeleka kazi yenu, mkiwa na daftari la vipimo vya miezi hiyo sita mkononi.

Mwalimu amenikubalia tuanze Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi, maabara. Kila mmoja alete chombo kimoja kibovu cha umeme, kwa idhini ya mwenye nacho; hilo la idhini nalisema kwa kumkumbuka mama yake Turere. Kundi la kwanza litapima betri ya mzee kila siku saa 12 jioni na saa 12 asubuhi kwa wiki mbili kabla risasi haijayeyushwa hata tone. Kijana wa kidato cha pili aliyeandika pendekezo la nne, simama wakuone. (Makofi.) Mita ya kwanza utaishika wewe. Taa ya wati 1 nilikwisha inunua jana jioni hapo sokoni Kashai, imo ndani ya sanduku, chini ya koleo.